Mahema ya kukodi kwa kambi ya chipukizi: tutakayoyarudia na tuliyoyakataa

Katika likizo ya Aprili nilikodi vifaa vya kambi kwa ajili ya chipukizi, yaani skauti wadogo, 24 wa shule yetu, wenye umri wa miaka 11 hadi 14, waliokuwa wakienda Nyeri kulala huko siku tatu. Duka lenyewe liko Nairobi, ndani ya jengo lililojaa wauzaji wa vipuri vya magari, na sitalitaja jina, kwa kuwa lawama moja niliyo nayo dhidi yake ni nzito na mwenyewe hayupo hapa kujibu. Vifaa vyote nimevipima kwa swali moja tu: je, mtoto wa miaka 12 anaweza kukitumia kifaa hiki peke yake, mvua ikinyesha na kiongozi wake akiwa upande wa pili wa uwanja?

Kwa upande wa mahema, jibu ni ndiyo, ingawa haikuwa ndiyo siku ya kwanza. Tulikodi mahema manane, kila moja likiwa limeandikwa kuwa ni la watu wanne, na tukalaza watoto watatu watatu. Yeyote aliyewahi kulala ndani ya hema la namna hiyo anajua kwamba aliyehesabu wanne hakuhesabu mabegi wala viatu vya matope. Bei ilikuwa shilingi 700 kwa hema moja kwa usiku, pamoja na amana ya shilingi 1,500 kwa kila hema. Ni hema la kawaida la kuba, lenye fito mbili zinazopishana juu na kifuniko cha mvua kinachovikwa kando, na aliyelibuni alifikiria jambo dogo lenye manufaa makubwa: ncha za fito zimepakwa rangi zinazolingana na rangi za pete zinamoingia, hivyo mtoto hana haja ya kusoma maelezo yoyote.

Ninalolisifu zaidi ni kwamba mwenye duka alitupa hema moja mapema, bila malipo, ili watoto wajifunze nalo. Tulilitumia Jumamosi tatu katika uwanja wa shule. Mara ya kwanza kikundi cha watoto sita kilichukua dakika 40 na kubishana kwingi, na kifuniko kikavikwa ndani nje. Jumamosi ya tatu tuliwafunga macho kwa skafu zao, nao wakalisimamisha kwa kupapasa, kiongozi wao, binti wa miaka 13, akiwaelekeza kwa sauti tu. Zoezi hilo lilionekana kama mchezo, lakini tulifika Nyeri gari likiwa limechelewa, giza limeingia na manyunyu yameanza, na mahema yote manane yalisimama kabla hatujamaliza kushusha sufuria.

Vigingi ndivyo vilivyotuangusha. Ni vya waya mwembamba, vinavyofaa labda nyasi laini za bustani, na sita vilipinda usiku ule ule tulipovipigilia kwenye ardhi yenye mawe. Duka halikutupa vya akiba hata kimoja. Watoto wakubwa walichonga vingine kwa panga kutoka kwenye matawi makavu, wakavipigilia kwa mshazari, kichwa kikielekea nje ya hema, kama walivyofundishwa, na hivyo vya miti ndivyo vilivyoshika hadi siku ya kuondoka.

Asubuhi ya kwanza watoto wa mahema matatu walilalamika kuwa mahema yao yanavuja, nami nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia mwenye duka. Tulipochunguza tukakuta mishono imeshika vizuri na maji hayakutoka nje. Watoto walikuwa wamefunga kila tundu kwa kuogopa baridi, mvuke wa pumzi zao ukagandia kwenye kitambaa na kudondoka. Isitoshe, kamba zilikuwa zimelegea kwa unyevu, kifuniko kikagusa kitambaa cha ndani na kulipitisha tone kila kilipoguswa. Usiku uliofuata walikaza kamba kabla ya kulala, wakaacha matundu ya juu wazi, wakaamka wakavu. Kwa hiyo lawama hiyo naifuta.

Mifuko ya kulalia siwezi kuisemea vizuri. Nyeri ipo kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na usiku wake hauna huruma kwa mtoto aliyezoea Nairobi, sembuse aliyetoka pwani. Mifuko tuliyopewa ilikuwa na lebo ya nyuzijoto 15, yaani haifai usiku wenye baridi zaidi ya hapo, jambo ambalo muuzaji hakulitaja na ambalo mimi, kwa uzembe wangu, sikulisoma. Baridi ilipanda kutoka chini, kwa kuwa pamba iliyo chini ya mwili hulaliwa ikabanwa na kupoteza joto lake. Tuliwaokoa watoto kwa kutandika magazeti na blanketi la nyumbani chini ya kila mfuko, si juu yake.

Hapo ndipo lilipo jambo lililonikasirisha. Nilipompigia simu muuzaji kuhusu baridi hiyo, alinishauri niingize ndani ya kila hema jiko dogo la makaa, lile alilotukodishia kwa ajili ya kupikia, na kulitoa watoto wakishalala. Makaa yanayoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya aliyelala hata asiamke, na ndani ya hema lililofungwa hujaa upesi. Anayekodisha vifaa kwa safari za watoto hana ruhusa ya kutolijua hilo. Majiko yote tuliyaweka jikoni, hatua 20 kutoka mahema, na mmoja wetu akalala karibu nayo.

Tulikodi pia dira sita, na moja ilielekeza kusini mahali pa kaskazini. Wenye kuigundua ni watoto wenyewe, walipoziweka sita zote mezani wakaona tano zinakubaliana. Sumaku ya spika au ya simu iliyowekwa karibu kwa muda mrefu yaweza kuigeuza sindano namna hiyo, na rafu ya duka lile imejaa spika. Kwa zile tano nzuri walitembea kwa vikundi hadi makaburi ya Mtakatifu Petro, alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1941, wakiacha alama za njia kwa waliofuata nyuma. Kwenye jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani, na mtoto mmoja aliyekuwa ameichora kwa mawe wiki iliyotangulia, mwisho wa zoezi letu uwanjani, aliitambua kabla hatujasema neno.

Duka hudai mahema yarudi makavu, na hapo liko sahihi, kwani hema likikunjwa na unyevu huota ukungu ndani ya siku chache. Tuliyaanika katika ukumbi wa shule siku mbili. Amana ilirudi yote isipokuwa shilingi 300 za vigingi sita vilivyopinda, ambazo nilizilipa huku nikimwonyesha muuzaji kile cha mti kilichochongwa na watoto. Kuhusu jiko nilimweleza mbele ya wateja wengine wawili, naye aliahidi kutomshauri mtu hivyo tena. Kwa safari ya Agosti nimeagiza mahema manane yale yale na hema moja la mazoezi. Mifuko ya kulalia, vigingi na dira tutatafuta kwingine.