Siku Mbili Mikindani na Msimbati: Mvinyo wa Mabibo Uliokosekana Mezani

Kwa sisi wakazi wa Mtwara mjini, Mikindani ni mahali tunapopaona kupitia dirisha la basi. Mji huo wa kale uko umbali wa kilomita zipatazo 10 tu kwenye barabara ya kwenda Lindi, na mtu anaweza kuishi Ligula au Shangani miaka 20, akapita hapo mara mia akielekea Dar es Salaam, asishuke hata siku moja. Ndiyo maana mke wangu aliposema tuwapeleke watoto wakalale huko Ijumaa na Jumamosi, na mchana wa Jumamosi tuutumie kwenye ufuko wa Msimbati, nilimwuliza kama kweli kuna haja ya kulipia kitanda mahali ambapo bajaji inaweza kuturudisha nyumbani kabla chai haijapoa. Tulikwenda katikati ya Oktoba tukiwa watu sita: sisi wawili, mama yangu mzazi, na watoto wa miaka 5, 9 na 13. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipotezewe muda: mahali penyewe panastahili safari, malazi yalistahili nusu ya fedha tuliyolipa, na kitu kizuri kuliko vyote tulivyoonja hakikuwemo kwenye orodha ya vinywaji ya nyumba tuliyolala.

Oktoba tuliichagua kwa makusudi. Upepo wa kusi unakuwa umelegea na wa kaskazi bado haujashika, mvua hazijaanza, na zaidi ya yote huo ni msimu wa korosho, ambapo chini ya kila mkorosho kuna mabibo, yaani matunda ya mkorosho, mekundu na ya manjano yaliyotapakaa, na harufu yake huingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa.

Ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na mlango wake wa kutokea bahari kuu ni mwembamba, hivyo asubuhi maji yake hutulia kama ya ziwa na ngalawa zilizotia nanga zinaonekana mara mbili, juu ya maji na ndani yake. Mwanangu mdogo alishikilia kwamba hilo ni ziwa, nami sikuona sababu ya kubishana naye mpaka maji yalipokupwa na ziwa lake likageuka tope, mikoko ikabaki na mizizi nje, na kina mama wakashuka na ndoo zao kutafuta riziki matopeni. Jambo hili lina maana kwa mwenye watoto, kwa sababu Mikindani si mahali pa kuogelea. Ni mahali pa kukaa barazani na kutazama. Kuogelea ni Msimbati, na hata huko ni vizuri kuuliza wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, maana siku za bamvua tofauti kati ya hayo mawili kwenye pwani yetu huzidi mita 3.

Nyumba ya wageni tuliyolala sitaitaja. Tulichukua vyumba viwili kwa shilingi 85,000 kila kimoja kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa, baada ya kuhakikishiwa kwa simu kwamba kila kitanda kina chandarua kizima. Kati ya vyandarua vinne, viwili vilikuwa na matundu ambayo mke wangu aliyafunga kwa vipande vya uzi alivyovitoa kwenye mkoba wake, na mhudumu aliyeitwa kuvitazama alitusaidia kushika tochi. Chakula cha jioni tuliagiza saa kumi na mbili, kikafika saa mbili na nusu, wakati mtoto mdogo ameshalala kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Ni lazima niseme ukweli kwamba changu wa kupaka aliyefika alikuwa mzuri kiasi cha kutunyamazisha sote, nazi ilikuwa ya kukunwa siku ile ile, na wali haukuwa na hata punje iliyoshikana. Asubuhi tulipewa vitumbua vya moto, chai ya tangawizi na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya huku kusini, ambayo mama aliimaliza karibu yote peke yake. Jikoni, kwa hiyo, pana mtu anayejua kazi yake. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba watoto hula mapema.

Lililonikera zaidi lilikuwa orodha ya vinywaji. Ilikuwa na aina nne za mvinyo kutoka Afrika Kusini na moja ya Dodoma, na sina ugomvi na zabibu za Dodoma, ila tulikuwa tumeketi katikati ya mkoa wa korosho, mwezi wa korosho, huku mabibo yakioza nyuma ya ukuta wa uwanja ule ule. Nilipomwuliza kijana aliyetuhudumia kama wana mvinyo wa mabibo, alicheka kwa adabu akasema, "Bosi, hiyo ni ya vilabuni, wageni wetu hawainywi."

Kijana huyo hakuwa na kosa la peke yake, kwa sababu wengi wetu huku kusini tunachanganya vitu vitatu. Uraka ni maji ya mabibo yaliyokamuliwa na kuachwa yachachuke yenyewe kwa muda mfupi. Hunywewa katika msimu wake, na ukichelewa kuunywa unageuka siki. Gongo hutokana na kuchemsha pombe hiyo na kukusanya mvuke wake, ni kali, hutengenezwa kwa kificho, na imewamaliza watu tunaowafahamu. Mvinyo ni kitu kingine kabisa, kinachohitaji ndoo safi, hamira iliyopimwa, kifuniko kisichopitisha hewa na subira ya wiki nyingi. Watafiti wa kituo cha Naliendele, kilicho kilomita chache tu kutoka mjini na kinachofahamika zaidi kwa mbegu za mikorosho, wamekuwa wakifundisha namna ya kupata juisi, jamu na mvinyo kutokana na bibo, tunda ambalo mkulima wetu kwa kawaida hulitupa akishaliondoa korosho yake. Ukikumbuka kwamba bibo moja lina uzito mara kadhaa ya korosho iliyoning'inia chini yake, utaona ni kiasi gani cha mavuno kinachobaki shambani kuwa chakula cha nzi.

Jumamosi asubuhi, tukiwa njiani kwenda Msimbati, tulisimama kwenye kijiji kimoja ambako mke wangu alikuwa ameelekezwa kwa kikundi cha akina mama wanaotengeneza mvinyo huo. Hapakuwa na bango wala chumba cha kuonjea. Palikuwa na banda lililopigwa chokaa, sakafu iliyooshwa, na mama mmoja mtu mzima ambaye, baada ya watoto kumpa shikamoo, alitupatia vigoda kisha akatueleza kazi yake bila haraka. Mabibo huokotwa alfajiri na kukamuliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa bibo lililolala chini haliaminiki tena. Maji yake hutiwa uji mwepesi wa unga wa muhogo, ambao hushikana na ule ukakasi unaokausha ulimi na kuzama nao chini, kisha maji yaliyotakata huchujwa kwa kitambaa. Hapo kazi hugawanyika: sehemu moja huchemshwa kidogo na kuwa juisi, sehemu nyingine hutiwa sukari na hamira na kufungiwa kwenye ndoo zenye mpira mwembamba unaotoa gesi kwenye chupa ya maji. Mwanangu wa miaka 13, ambaye tangu tuondoke Mtwara alikuwa ameinamia simu, alikaa mbele ya chupa ile akihesabu mapovu kwa dakika nzima.

Mama yangu ni Mwislamu na hagusi kileo, kwa hiyo yeye na watoto walipewa juisi. Alikulia Newala, na akiwa msichana amekamua mabibo kwa mikono kwenye vyungu vya bibi yake, hivyo nilijua kwamba hukumu yake haitanunuliwa kwa tabasamu. Alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akasema, "Hii haikwaruzi koo. Ya kwetu ilikuwa inakwaruza." Kwa mama, hiyo ni sifa kubwa, nami sijamsikia akiitoa hata kwa upishi wangu.

Mvinyo wenyewe tulionjeshwa wa namna mbili. Ule wa msimu uliopita ulikuwa na rangi ya asali nyepesi, harufu yake ni ya bibo lililoiva sana lakini lisilooza, utamu wake ni mdogo, na mwishoni hubakiza ukakasi kidogo kwenye ufizi, kiasi cha kukukumbusha umetoka kwenye tunda gani. Ukiupoza vizuri na kuunywa pamoja na pweza wa kuchoma, sidhani kama utaitamani chupa ya Afrika Kusini yenye bei mara nne yake. Ule wa msimu huu ulikuwa bado mchanga, mtamu kupita kiasi na wenye mapovu, na ningewashauri akina mama hao wasiuuze kabisa kabla haujatulia. Chupa ya zamani ilikuwa shilingi 10,000 na ya mpya 7,000. Tulinunua moja ya zamani na mbili za mpya, kwa sababu za zamani zilikuwa zimebaki chache na mteja mwingine alishaziwekea fedha. Mama yule alitufungashia kwa magazeti na kutuagiza, mara mbili, kwamba hizo mpya zisimamishwe wima kivulini na vifuniko vilegezwe kidogo kila baada ya saa chache.

Kuhusu Msimbati nitasema machache, kwa kuwa uzuri wake hauhitaji wakili. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka Mtwara mjini, unapita Madimba penye mitambo ya kusafisha gesi inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015, na kipande cha mwisho kuelekea Ruvula kina mchanga laini ambao gari dogo litazama. Tulikuwa na gari la shemeji yangu linalovuta kwa magurudumu yote manne, na hata hivyo tulishuka mara moja kusukuma. Eneo lote ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, hivyo mgeni aandae fedha ya kiingilio. Mchanga ni mweupe, mivinje inatoa kivuli cha kutosha familia tatu, na maji yanaonyesha vidole vyako ukiwa umezama hadi kifuani. Lakini ufuko huo hushuka kwa ghafla, hatua chache tu kutoka ukingoni, na mtoto asiyejua kuogelea asiachwe hata kwa muda wa kufungua chupa ya soda. Beba maji ya kunywa na chakula chako. Pweza tulimnunua kwa wavuvi, tukamchoma hapo hapo, na mke wangu hakutaka kuondoka.

Jioni tulirudi Mikindani na ile chupa ya zamani, nikamwomba yule kijana glasi mbili na barafu. Alikwenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba kinywaji cha kutoka nje hulipiwa shilingi 5,000 za kufungulia. Nililipa nusu ya bei ya mvinyo wa mkoa wangu ili niruhusiwe kuunywa ndani ya mkoa wangu, nikamkaribisha na yeye akaonja kidogo akiwa amesimama. Aliniuliza unauzwa wapi.

Jumapili asubuhi tulizunguka mji kwa miguu pamoja na kijana mmoja mwenyeji anayeongoza wageni, na saa mbili hizo kwa shilingi 20,000 ndizo fedha tulizotumia vizuri kuliko zote. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 limekarabatiwa na kupakwa chokaa, linaonekana kutoka kila upande wa ghuba, lakini mimi nilivutiwa zaidi na nyumba za matumbawe zilizo chini yake, zenye milango ya nakshi na baraza za kukalia, ambazo nyingine zimeota mizizi ya miti ukutani na zitaanguka bila mtu kuzipiga picha. Kijana wetu alituonyesha jengo linalotajwa kuwa lilikuwa soko la watumwa, akaeleza pia kwamba Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Hadithi ya Livingstone aliipa dakika nyingi na ya watumwa dakika chache, na mama alimwambia hivyo kwa upole, akimwita "mwanangu". Alikubali, akaturudisha kwenye lile jengo, akaanza upya.

Kwa familia inayotaka kufuata njia hii, ningeshauri ilale usiku mmoja badala ya miwili, iagize chakula cha jioni mapema mchana, na ipite kwa akina mama wa mvinyo mwishoni mwa msimu, Desemba, ambapo ndoo za Oktoba zitakuwa zimetulia.

Sisi tuliondoka Mikindani saa nane mchana na zile chupa mbili mpya zikiwa nyuma ya kiti, zimelazwa, juani, vifuniko vimekazwa, kwa kuwa aliyepaswa kuzikumbuka ni mimi. Ya kwanza ililipuka kabla hatujafika Mtwara. Povu lilipanda hadi darini na kushukia kwenye kanga za mama, yeye ambaye katika miaka yake 71 hajawahi kuonja tone, na alipofika nyumbani akinuka klabu nzima hakusema neno. Alichukua ndoo ya maji akaenda kuoga, kwa sababu adhana ya alasiri ilikuwa imekaribia.