KTM 300 EXC na Beta Xtrainer 300: miezi minane kwenye tope la Kapchorwa

Nianze na mwili wangu, kwa sababu karibu kila nitakachosema kinatoka hapo. Nina urefu wa sentimita 166 na uzito wa kilo 61. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kuendesha pikipiki kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, kuanzia Sipi, kupitia Kween, na mara mojamoja hadi Bukwo karibu na mpaka wa Suam. Tunapita nje ya hifadhi, kwenye njia za mashamba: njia za ng'ombe na za punda wanaobeba viazi, ambazo mvua ikinyesha udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni.

Pikipiki niliyokulia ni Yamaha DT 125. Baba alikuwa mhudumu wa afya, na kila wiki alifunga kisanduku cha chanjo nyuma ya DT akapanda vijiji vya juu ambako gari halikufika. Kwa hiyo mlio wa tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili inayochoma oili pamoja na petroli, na harufu ya moshi wake ninaujua tangu sijaanza shule. Leo bodaboda wote hapa wanaendesha injini za mipigo minne, na vijana wengi wa stendi hawajawahi kumwaga oili kwenye petroli. Ndiyo maana nilifurahi sana tajiri wangu alipoleta tu-stroki mbili za enduro, yaani za njia mbaya za porini, kwa ajili ya safari zetu: KTM 300 EXC TPI ya mwaka 2020 na Beta Xtrainer 300. Baadaye mteja mmoja alituachia Yamaha YZ250X yake kwa wiki tatu. Zote nimeziendesha njia zilezile, kiangazi na masika.

Kwenye karatasi KTM na Beta ni kama ndugu. Zote zina injini ya cc 293, gia sita, stata ya umeme, klachi ya haidroliki, tairi la inchi 21 mbele na 18 nyuma. Zote zina tangi la oili lililotengwa na la petroli, kwa hiyo huchanganyi mwenyewe. Ukisoma karatasi tu utadhani unachagua rangi.

Tofauti ya kwanza ni kiti. Cha KTM kiko milimita 960 kutoka chini, cha Xtrainer milimita 910. Milimita 50 ni upana wa vidole vitatu. Kwenye uwanja tambarare vidole vitatu ni jambo la kuvumilia, unasimama kwa ncha za vidole vya miguu na safari inaendelea. Mlimani hali ni nyingine kabisa.

Nililielewa hilo mwezi wa tano, juu ya Binyiny, huko Kween. Mvua ilikuwa imekatika usiku. Nilikuwa mbele na KTM, nyuma yangu wageni watatu, tunapanda njia nyembamba inayokata mteremko, upande wa kushoto kuna shamba la maharage chini yetu. Gurudumu la mbele likagonga mzizi wa mkaratusi, mkono wangu ukachelewa kwenye klachi, injini ikazima. Mguu wa kulia haukuweza kusaidia kwa sababu pikipiki ilikuwa imekwisha kuinamia kushoto. Mguu wa kushoto ukashuka kutafuta ardhi, ukashuka tena, haukuipata. Nikaenda chini pamoja na kilo mia na kitu za chuma, nikasimama katikati ya maharage ya mama mmoja ambaye ilibidi nimlipe. Tulikuwa watu wanne kuipandisha tena njiani.

Wiki iliyofuata nilipita mzizi uleule na Xtrainer, na kwa kweli nikauzima tena mtambo mahali palepale, maana mzizi ule ni mbaya. Mguu ukafika. Haukufika wote, ni vidole na nusu ya unyayo, lakini ulitosha. Nikabonyeza stata, nikaisukuma kwa miguu miwili kama mtu anayepiga kasia, gurudumu la nyuma likashika, nikapita. Wageni hawakujua kama kulikuwa na tatizo.

Hili si bahati. Beta walipoitoa Xtrainer ya kwanza, ile ya mwaka 2015, waliijenga kwa makusudi ikiwa na fremu ndogo kuliko RR zao za mashindano, na injini waliyoilegeza iwe pole. Ukikaa juu yake unahisi usukani uko karibu, magoti yanakumbatia tangi bila kutanuka, na uzito uko chini.

Kabla hujaicheka KTM, kuna kitu nilichelewa kukijua na ningependa wewe usichelewe. Shokapu zake hutoka kiwandani na springi za mtu wa kilo 75 hadi 85. Kitabu chake kinataka nyuma ishuke kama milimita 110 ukiwa umekaa na mavazi yako yote. Mimi nilipopimwa na rafiki yangu fundi, kwa utepe wa mafundi cherehani, ilishuka 88 tu. Maana yake nilikuwa nimekaa juu zaidi ya mahali pikipiki ilipokusudiwa iwe, na mbele imeinama kidogo, ndiyo maana usukani ulikuwa unakata ovyo kwenye mchanga. Tulipoweka springi laini, nyuma na mbele, ikawa pikipiki nyingine. Bado ni ndefu kwangu, lakini iliacha kunitupa. Kwa hiyo mtu mwepesi akikwambia KTM ni ngumu na inaruka kama mbuzi, muulize kwanza kama aliwahi kupima inashuka kiasi gani.

Na upande wa pili pia upo. Mwenzangu tunayeongoza naye ana sentimita 187. Yeye kwenye Xtrainer anaonekana kama baba aliyepanda baiskeli ya mwanawe. Akisimama kwenye vikanyagio, usukani unakuwa karibu na mapaja, na akikata kona kali goti linagusa. Baada ya saa mbili mgongo unamuuma. Yeye KTM hataki kuiacha, na ninamwelewa.

Sasa mwendo. Barabara ya murramu yenye mawe, unapokimbia gia ya nne au ya tano, KTM ni bora na sitaki kuzungushazungusha maneno. Shokapu zake za mbele zina kipenyo cha milimita 48, zinakula mawe ya ukubwa wa kichwa bila kupotosha usukani. Za Xtrainer ni milimita 43 na ni laini. Polepole ulaini huo ni raha, tairi linafuata kila jiwe na kila mzizi kama maji. Ukiongeza mwendo linazama, na ukiruka shimo vibaya unasikia chuma kinagonga chini. Nilijifunza kuisikiliza: ikianza kugonga, inakwambia punguza.

Kwenye nguvu nilikuwa nimejiandaa kuipenda KTM zaidi, na kwa siku za kiangazi ilikuwa hivyo. Gia ya pili, unavuta mafuta kidogo tu, inaanza kuvuta kutoka chini kabisa. Kisha valvu ya ekzosi inafunguka na mlima unakuwa mfupi. Ni nguvu inayokufanya ucheke ndani ya helmeti. Lakini udongo wetu ukilowa, nguvu hiyo inakuwa kazi. Ukivuta kidogo tu kupita inavyotakiwa, gurudumu la nyuma linazunguka, linajaza matope kwenye meno ya tairi, na tairi lililojaa matope halina tofauti na mtungi. Xtrainer haina haraka hiyo. Inapanda gia ya pili kwa mlio wa chini, tuk tuk tuk, kama ng'ombe wa jembe aliyezoea shamba lake. Jioni ya siku ya mvua mimi niliyekuwa kwenye Xtrainer nilikuwa bado na mikono; aliyekuwa kwenye KTM alikuwa anashindwa kufungua chupa ya maji. Tumebadilishana mara nyingi na jibu limekuwa lilelile.

Kuhusu kushuka, hili liwahusu nyote mnaotoka kwenye mipigo minne. Injini ya mipigo miwili haikushikilii ukifunga mafuta. Ukishuka kutoka Kween ya juu kwenda tambarare za Ngenge umezoea Boxer ya bodaboda, unafunga mafuta na kusubiri injini ikuzuie, haikuzuii. Ni breki tu. Wageni wengi huburuta breki ya nyuma njia nzima hadi inachemka na kanyagio linakuwa laini chini ya mguu. Tunawafundisha kutumia ya mbele zaidi, kwa kidole kimoja, na kuiachia ya nyuma ipumue. Kwenye hili pikipiki zote tatu ni sawa.

Mahali ambapo KTM inaishinda Beta kwangu bila ubishi ni mwinuko. Mbale iko karibu mita 1,150 juu ya bahari, mji wa Kapchorwa karibu 1,900, na njia zetu za juu zinapita 2,500. Kila mita elfu injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. KTM ya TPI inapuliza petroli kwa kompyuta, ina kihisio kinachopima hewa, inajirekebisha yenyewe. Unatoka Mbale asubuhi, unakula chakula cha mchana juu, hujagusa kitu. KTM waliuleta mfumo huu kwenye enduro zao za mipigo miwili kwa pikipiki za mwaka 2018, na kwa mtu anayeishi mlimani ni zawadi.

Xtrainer ina kabureta, na kabureta haijui kama umepanda. Hewa imepungua, petroli ni ileile, basi inazidiwa na petroli: inakohoa, plagi inatoka nyeusi na yenye maji, silensa inadondosha uji mweusi. Tiba ni jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) ndogo zaidi na kushusha sindano ya kabureta, yaani unahamishia kile kibanio chake kwenye mfuo wa juu. Ni kazi ya nusu saa ukishaizoea, na mimi niliizoea kwenye DT ya baba. Nimeiweka kwa ajili ya mita 2,000 na nimeiacha hapo. Lakini kumbuka, ukiiteremsha hivyo hivyo hadi Mbale na kuikimbiza kwenye lami, sasa petroli ni kidogo kuliko hewa, na injini ya namna hiyo hupata joto hadi pistoni inaharibika. Kabla ya kushuka, badilisha.

Oili. Hapa Kapchorwa oili ya tu-stroki wananunua zaidi wapasua mbao kwa ajili ya misumeno yao, na inauzwa kwa chupa ndogo zisizoeleweka. Duka moja liliniuzia chupa yenye lebo nzuri. Nilipomimina ilikuwa nyepesi kama mafuta ya taa. Nashukuru niliiona kabla haijaingia kwenye tangi. Tangu hapo tunaagiza kwa katoni, na tunatafuta alama ya ubora ya JASO FD kwenye lebo na kizibo ambacho hakijaguswa. Pampu ya oili ni kitu kizuri, ila itapeleka chochote ulichoiwekea.

YZ250X nitaisema kwa ufupi kwa sababu wiki tatu hazitoshi. Ni cc 249, gia tano, inawashwa kwa kiki peke yake, na unachanganya mwenyewe, sisi tuliweka lita moja ya oili kwa lita 30 za petroli. Ni nyepesi mkononi na shokapu zake ndizo nilizozipenda kuliko zote. Lakini ukiizima katikati ya mlima, kwa urefu wangu, kupiga kiki ukiwa umesimama kwenye mteremko na tope ni adhabu. Na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, ukishuka mlima mrefu umefunga mafuta kabisa, injini inazunguka haraka huku ikipata oili kidogo sana. Piga resi ndogondogo njiani.

Basi, ukiwa chini ya sentimita 175 au hivi, na unaishi mahali penye tope na miteremko, chukua Xtrainer ujifunze kabureta. Ukiwa mrefu, au safari zako ni za mwendo kwenye mawe na murramu, au unapanda na kushuka mita elfu kwa siku moja, chukua 300 EXC, lakini tenga pesa za springi tangu mwanzo. Na usikae juu ya pikipiki ukiwa dukani kwenye sakafu ukasema inanifaa. Itoe nje, isimamishe ikiwa upande mmoja kuna mtaro, uone kama mguu wako unafika.

Tajiri aliponiuliza aongeze ipi, nilimwambia Xtrainer nyingine, na EXC ibaki kwa wageni warefu. Amekubali.

Jumapili iliyopita baba alikuja nyumbani akaikuta Xtrainer uani. Ni mzee wa miaka sabini na tatu na goti moja halikunji vizuri. Akazunguka, akashika klachi, akaniambia niishike. Akapanda. Miguu yote miwili ikafika chini. Akabonyeza stata, akasikiliza kwa muda mrefu kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, kisha akauliza oili inawekwa wapi.