Praima ya Kukinga Kutu Isiyo na Sumu: Ipi Inafaa Kununuliwa Mombasa

Geti linalotazama bahari, liwe Nyali au Likoni, haliharibiwi na mvua peke yake. Upepo wa kusi huja na chumvi inayoganda juu ya chuma na kuvuta unyevu hata siku ya jua, na ndiyo maana rangi hutoka malengelenge hapa upesi kuliko bara. Kinga yenyewe haimo katika rangi ya juu bali katika praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa moja kwa moja juu ya chuma, na nguvu ya praima hutokana na unga uliosagwa ndani yake.

Unga wa aina mbili uachwe dukani: risasi nyekundu (ya madini ya risasi) na kromati ya zinki. Zote mbili zilizuia kutu vizuri sana, hilo halina ubishi, lakini risasi hudhuru ubongo wa watoto, na kromati husababisha saratani ya mapafu kwa anayevuta vumbi lake. Aliyefuatilia kisa cha Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, hana haja ya kuelezwa zaidi kuhusu risasi. Kiwango cha juu cha risasi katika rangi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 kwa milioni. Kopo lisilosema lolote kuhusu jambo hilo halistahili kuaminiwa.

Kwa grili, geti na ngazi za nyumbani, chaguo la kwanza ni zinki fosfeti. Unyevu unapopenya, unga huu huyeyuka kidogo mno na kuacha utando mwembamba unaoshikana na chuma. Nyumba iliyo ufuoni inahitaji ile ya epoksi, inayouzwa kwa makopo mawili ya kuchanganywa. Ya mafuta ya kawaida inatosha kwa vyuma vya ndani. Masalio yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa zinki hudhuru samaki.

La pili ni praima ya unga wa zinki, ambayo zinki yake huliwa badala ya chuma. Viwango vya kimataifa vya rangi za kukinga chuma, ISO 12944, vinadai unga huo uwe angalau asilimia 80 ya uzito wa rangi iliyokauka, kwa hiyo linyanyue kopo: likiwa jepesi kama rangi nyingine ya ujazo uleule, zinki iliyomo ni ya jina tu. Naiweka ya pili kwa sababu inataka chuma kilichopigwa mchanga kwa mashine hadi king'ae. Kwenye geti la zamani lililosuguliwa kwa brashi ya waya, ni fedha iliyopotea.

Silika yenye kalisi, isiyo na metali nzito yoyote, ni ya tatu. Hutumika pia katika praima za maji, na mnunuzi huitambua tu akiomba karatasi ya maelezo ya kiufundi.

Oksidi nyekundu, ambayo karibu kila fundi huiendea kwanza kwa urahisi wa bei, naiweka mwisho. Haina sumu, lakini haipambani na kutu, huziba tu. Wekundu wenyewe usikudanganye, kwani praima nyingi za zinki fosfeti nazo hutiwa oksidi hiyohiyo ili zipate rangi. Soma maandishi ya kopo.

Mabati ni suala jingine: praima ya mafuta hugeuka sabuni inapokutana na zinki ya bati, kisha hubanduka vipande vizima. Ulizia iliyoandikwa kuwa ni ya mabati.

Praima yoyote itashindwa ikipakwa juu ya chumvi. Osha chuma kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, kiache kikauke, kisha upake siku hiyohiyo. Kwenye ncha na maungio ya weldi rangi hukimbia na kubaki nyembamba, hivyo zipitishie brashi mara moja zaidi kabla ya kupaka kote. Rangi kuukuu isipigwe msasa mkavu, maana huenda ina risasi. Tumia msasa wa maji, na watoto wakae mbali hadi uchafu uzolewe.