Balclutha, San Francisco: merikebu iliyojaa habari za kazi

Ukifika San Francisco na unapenda mambo ya bahari, usiondoke bila kupanda Balclutha pale gati la Hyde Street. Ni merikebu ya milingoti mitatu, iliundwa karibu na Glasgow mwaka 1886, na uzuri wake kwangu ni kwamba inaeleza jasho la watu. Safari ya kwanza ilitoka Cardiff Januari 1887 na tani 2,650 za makaa ya mawe, ikazunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, ikaingia San Francisco baada ya siku 140. Kurudi Ulaya ilibeba magunia ya ngano ya California.

Matanga 25, mabaharia 26 tu! Simama chini ya mlingoti wa kati utazame foromali, ile miti ya kuning'inizia matanga, zilivyopandana. Sisi tumezoea jahazi, foromali moja na tanga lake. Huku mabaharia walikwea hadi juu, wakalalia foromali kwa tumbo na miguu ikikanyaga kamba, wakakunja tanga lililolowa, usiku, katika baridi ya Horn. Nilipapasa kamba zilizofungwa kwenye vigingi ubavuni mwa sitaha. Ni nyingi mno, na baharia alitakiwa aijue kila moja gizani kwa kuishika.

Tezini, yaani nyuma ya chombo, makao ya nahodha yana mbao za kung'aa. Mke wa nahodha Durkee alijifungua binti humu mwaka 1899, wakitoka India.

Lakini lipe muda zaidi tumbo la chombo. Mwaka 1904 ilikwama Alaska, kampuni ya samaki wa makopo ikainunua kwa dola 500 na kuiita Star of Alaska. Kila mwaka baridi ikipungua, ilipeleka kaskazini watu zaidi ya 200, wavuvi na wafanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1911 sitaha ya tezini ilirefushwa ili Waitaliano na Waskandinavia wapate malazi. Wachina walilazwa chini, kwenye vitanda vilivyobanana juu ya shehena. Iliniuma sana kuona hivyo, na nashukuru kwamba habari zao hazikufichwa kwa wageni.

Vaeni jaketi, upepo wa ghuba ni mkali hata jua likiwaka. Ngazi za kushukia ni wima, kwa hiyo mwenye magoti mabovu abaki sitahani, nako kuna mengi ya kuona.