Chakula cha mbwa na paka kisicho na nafaka: mfuko niliouacha na mfuko ninaoutumia

Kwa wenye haraka: chakula kikavu kisicho na nafaka anachokula mbwa wangu Jasiri sasa nakipa nyota nne kati ya tano, na hakuna hata nyota moja kilichoipata kwa sababu ya kukosa nafaka.

Jasiri alikuwa akijikuna usiku kucha na kulamba nyayo mpaka manyoya ya katikati ya vidole yakageuka rangi ya kutu. Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo hivyo: mtoe kwenye ngano na mahindi. Nikanunua mfuko wenye picha ya mbwa mwitu juu ya jabali na maandishi makubwa BILA NAFAKA. Hiyo picha yenyewe ni mbwembwe tu. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni la kusaga wanga kuliko mbwa mwitu. Tumbo lake limeshazoea kuishi na watu.

Mambo yako nyuma ya mfuko, kwa herufi za kusomwa kwa miwani: kuku, njegere, wanga wa njegere, protini ya njegere, dengu, mafuta ya kuku. Viambato hupangwa kwa uzito wake kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ya kuku karibu asilimia 70 ni maji. Ikishakaushwa, nafasi ya kwanza inakuwa ya jina tu. Njegere nazo zimekatwa mafungu matatu, kila fungu linaonekana dogo. Zijumlishe uone kama hazimpiti kuku. Sheria haijavunjwa hapo, lakini mimi nilidhani nalipia nyama.

Jasiri alikifakamia, na kujikuna kukabaki pale pale. Daktari wa mifugo hakushangaa. Akanieleza kuwa kwa mbwa wenye mzio wa chakula, nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku hutajwa mara nyingi kuliko ngano, na mchele huonekana kwa nadra. Akamweka kwenye chakula cha majaribio chenye protini ambayo hajawahi kuila, kwa wiki 8, bila kitafunwa chochote wala makombo ya mezani. (Mwenye watoto nyumbani anajua kazi ya kulinda sharti hilo la mwisho.) Kujikuna kukapungua. Tuliporudisha kuku, ulambaji wa nyayo ukarudi naye. Kumbe niliyekuwa namtafuta ni kuku!

Ndipo nikahamia kwenye chakula cha samaki ninachokisifia hapa. Kimetokea tu kuwa hakina nafaka, na hilo lilinitia wasiwasi kidogo kwa sababu ya habari za moyo. Julai 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza ripoti za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka na misuli yake kudhoofika. Taarifa ya Juni 2019 ilisema zaidi ya asilimia 90 ya vyakula vilivyotajwa kwenye ripoti hizo havikuwa na nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere au dengu. Desemba 2022 mamlaka hiyo ikasema haitatoa taarifa zaidi mpaka upatikane ushahidi mpya wa maana. Ripoti peke yake hazitoshi kuthibitisha kwamba chakula ndicho kisababishi. Mimi sikukitupa chakula. Nilimwomba daktari awe anausikiliza moyo wa Jasiri kila tunapoenda, kisha nikawaandikia watengenezaji.

Niliwauliza mambo matatu: nani anatunga mchanganyiko na amesomea nini, chakula kimejaribiwa kwa wanyama au kimepigiwa hesabu tu, na taurini, kirutubisho ambacho moyo hukihitaji, ni kiasi gani. Kampuni ya mbwa mwitu ilinijibu kwa kuponi ya punguzo. Ya samaki ikanitumia jedwali zima na maelezo ya mtaalamu wao wa lishe. Nyota mbili zilipatikana hapo hapo.

Kitu kingine ninachokitazama ni sentensi fupi ya lishe, ambayo wengi tunairuka. Itafute iseme ni chakula kamili chenye uwiano, kwa vigezo vya AAFCO (chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama) kule Marekani au FEDIAF (shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani) huko Ulaya, na kwa umri upi: anayekua au mkubwa. Ikisema ni cha nyongeza, basi si mlo wa kila siku hata kama mfuko unang'aa vipi.

Pusi, paka wangu, ni kesi nyingine. Paka ni mla nyama hasa, na hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Tangu 1987 inajulikana kwamba upungufu wake huharibu moyo wa paka. Nilimjaribishia chakula kikavu cha punje kisicho na nafaka, kumbe wanga umejaa vilevile, wa viazi na njegere, maana punje bila wanga hazishikani. Kopo lake la chakula chenye majimaji linasema protini asilimia 10, unaweza kulidharau. Ili ulinganishe na punje, toa unyevu wa asilimia 78: inabaki 22, na katika hiyo 22 protini ni 10, yaani kama asilimia 45. Punje zenye protini 32 na unyevu 10 zinaishia kwenye 36 hivi. Pusi anakula kopo.

Kuhusu kubadilisha, nilichanganya cha zamani na kipya kwa zaidi ya wiki, nikiongeza kidogo kidogo. Jasiri alijamba sana siku za mwanzo, kisha choo kikakaa sawa. Mbwa wako akiwa anakula chakula chenye mchele au shayiri na ngozi yake ni nzima, sioni sababu ya kumhamisha.

Nyota niliyoikata ni ya mfuko. Zipu yake hufumuka kabla hujafika nusu, na mafuta ya samaki huchacha upesi yakipigwa hewa. Nautumbukiza mzima mzima ndani ya pipa lenye kifuniko, simimini punje, kwa sababu namba ya toleo iko kwenye mfuko na ndiyo utakayoulizwa siku bidhaa ikirudishwa kiwandani.