Dune ya 1984 au Dune ya 2021?

Nimezitazama filamu hizi mbili kwa usiku mbili mfululizo, na ingawa zote zimetokana na riwaya moja ya Frank Herbert ya mwaka 1965, ni vigumu kuamini kwamba zinasimulia kisa kilekile. Ile ya 1984, ya mwongozaji David Lynch, ina dakika 137 na inajaribu kukimaliza kitabu chote, ndiyo maana nusu yake ya pili inakimbia mno. Ile ya 2021, ya Denis Villeneuve, ina dakika 155, lakini inaishia katikati ya kisa na kuyaacha mengine kwa sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 2024.

Tofauti iliyonivutia zaidi iko katika onyesho la kisanduku cha maumivu, ambapo kijana Paul, mhusika mkuu, anajaribiwa kwa kutia mkono ndani huku sindano yenye sumu ikiwa shingoni mwake. Lynch anatuonyesha ngozi ikiungua, na tunasikia mawazo ya Paul yakinong'onwa. Villeneuve anaikazia kamera usoni mwa kijana, kisha anatupeleka nje ya mlango, kwa mama yake aliyejaa hofu. Kwangu mimi, uso ule unauma kuliko ngozi ile.

Kuhusu muziki sina ubishi: Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu ya 2021, anawashinda kwa mbali bendi ya Toto, waliotunga ule wa 1984. Hata hivyo, mavazi na majumba ya mwaka 1984 yana ukichaa fulani unaopendeza, ambao filamu mpya, kwa utulivu wake wa rangi ya mchanga, haina. Mwenye usiku mmoja tu aanze na ya 2021. Ya Lynch ninampendekezea aliyekwisha kukijua kisa, la sivyo atapotea kabla ya nusu saa kupita.