Bubión: anza na nyumba ya mkulima iliyo jirani na kanisa

Wengi wetu tunaotoka Maskati kwenda Andalusia, kusini mwa Hispania, tunaishia Alhambra, kasri la wafalme wa Kiislamu mjini Granada. Tunapiga picha za marumaru na maji, tunanunua viungo kwenye meza za pembeni mwa kanisa kuu la Granada, kisha tunarudi hotelini. Kwa maoni yangu, anayefanya hivyo ameiona nyumba ya mfalme tu. Nyumba ya mkulima iko Bubión, kijiji cha watu wapatao 300 kwenye mteremko wa kusini wa Sierra Nevada. Imegeuzwa makumbusho, kiingilio chake ni kidogo, na inaitwa Casa Alpujarreña. Katika safari yetu nzima ya Hispania hapana pahala nilipopapenda zaidi ya hapo, na natamani kila Mswahili anayefika Granada aende akaione.

Bonde lenyewe linaitwa Poqueira na lina vijiji vitatu vyeupe vilivyopangana mlimani: Pampaneira chini, Bubión katikati, Capileira juu kabisa, mita 1,436 kutoka usawa wa bahari. Vyote vitatu vinalindwa kisheria tangu 1982, ndiyo maana hutaona jengo la ghorofa nyingi wala paa la mabati. Juu yao umesimama Mulhacén, mlima mrefu kuliko yote katika bara la Hispania, na jina hilo ni la Mulay Hassan, mfalme wa Granada, baba yake Boabdil aliyekuwa mfalme wa mwisho wa Kiislamu huko. Basi linatoka Granada, na njia inapinda mno baada ya Lanjarón. Anayechefukiwa garini asipande na tumbo lililojaa. Nilisafiri na mama, ambaye magoti yake hayana tena nguvu, na ndiyo sababu tuliteremkia Bubión na si Pampaneira: kule wageni ni wengi, na ngazi za mawe hazina mwisho.

Sasa nyumba. Watu waliishi ndani yake mpaka miaka ya 1950 au karibu na hapo, kisha ikaachwa ilivyo. Kuta ni za mawe na udongo, nene, zimepakwa chokaa. Vyumba ni vyembamba na dari iko chini. Meko yapo, vyombo vya jikoni vipo, kitanda kipo, zana za shamba zipo. Hakuna kilichopambwa ili kimfurahishe mgeni. Mama, aliyekulia Malindi ya Unguja katika nyumba ya mawe, hakuangalia vyombo. Aliinua kichwa, akazihesabu boriti kwa kidole.

"Mwanangu," akaniambia, "chumba hiki kimepimwa na mti. Mti ungekuwa mrefu, na chumba kingekuwa kipana."

Ndivyo hasa. Kule pwani yetu upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko. Huku Alpujarra, ndilo jina la eneo hili la milima, uliamuliwa na gogo la chesnati. Juu ya magogo hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa udongo wa kijivu unaoitwa launa, unaochimbwa humo humo milimani. Udongo huo ukilowa unavimba na kujifunga, maji hayapiti. Wenyeji husema umwagwe mwezi ukiwa unapungua, vinginevyo paa litavuja. Paa lenyewe ni bapa, unaweza kutembea juu yake, na miaka yote limetumika kuanikia tini, mahindi na pilipili. Kwa kuwa kijiji kimejengwa mteremkoni, paa la nyumba ya chini huwa karibu na mlango wa nyumba ya juu. Mabomba ya moshi ni ya mviringo, kila moja limefunikwa jiwe bapa. Na pale nyumba mbili zinapokaribiana, chumba cha ghorofani hupita juu ya njia, chini kukabaki kivuli cha kupumzikia. Huko ndiko mama alikokaa, na bibi mmoja wa kijijini akamletea kiti bila kuombwa.

Madukani utaambiwa kuwa hiki ni kijiji cha Kiarabu. Hapo nataka tuwe waangalifu, maana historia yenyewe ni chungu, na inastahili kusimuliwa kama ilivyokuwa. Granada ilisalimishwa kwa wafalme Wakristo wa Hispania tarehe 2 Januari 1492. Boabdil akapewa eneo la Alpujarra akae, lakini mwaka uliofuata alivuka bahari akaenda Fez. Waislamu waliobaki ni wakulima, wafumaji na wafugaji wa viwavi vya hariri, kwa maana mabonde haya yalijaa miforsadi. Waliahidiwa dini yao. Ahadi haikudumu miaka kumi: walilazimishwa kubatizwa. Kisha, mwanzoni mwa 1567, ikatangazwa amri ya mfalme Felipe wa Pili: lugha ya Kiarabu marufuku, mavazi yao marufuku, hamamu marufuku, na milango ya nyumba ibaki wazi siku ya Ijumaa ili ionekane nani anasali. Krismasi ya 1568 milima ikawaka kwa uasi. Kiongozi wao alikuwa Aben Humeya, ambaye kwa ubatizo aliitwa Hernando de Válor. Aliuawa na watu wa upande wake mwenyewe mwaka 1569, na vita vikaisha 1571.

Baada ya hapo makumi ya maelfu ya Wamorisko wa Granada, yaani hao Waislamu waliobatizwa kwa nguvu na vizazi vyao, walikokotwa kwenda kutawanywa Castilla na kwingineko, wengi wakafia njiani. Kuanzia 1609 wakafukuzwa Hispania yote. Nyumba na mashamba ya Alpujarra waligawiwa walowezi kutoka kaskazini, wengine kutoka mbali kama Galicia. Kwa hiyo bibi aliyempa mama kiti si mjukuu wa watu wa Aben Humeya. Ni wa ukoo wa watu waliokuta nyumba tupu, shamba lililolimwa, na mfereji wa maji wasioujua. Husimuliwa kwamba kila kijiji kiliacha familia mbili za Kimorisko ili ziwafundishe wageni kazi ya maji. Iwe ilikuwa hivyo kila pahala au la, kazi ya maji ilirithiwa, na inafanywa hadi leo.

Na hili la maji ndilo lililonishika. Ukitoka kwenye nyumba ile usikimbilie mkahawani. Fuata njia ya kuelekea Capileira au uteremke kuelekea mtoni, uitafute mifereji, wenyewe wanaita acequia. Imepita pembeni mwa ngazi za mashamba, inaingia chini ya njia, inatokea bustanini. Mimi nimekulia Nizwa, Omani, na kwetu falaj, mfereji wa maji wa jadi, ndiyo iliyoulea mji. Najua mtu aliyekosa zamu yake ya maji anavyohisi. Lakini huku nimeona jambo ambalo falaj yetu haifanyi. Theluji inapoyeyuka, watu huyachukua maji kule juu kabisa na kuyapeleka kwenye miteremko ambayo haijalimwa chochote, wakayaacha yazame ardhini. Wanaiita careo. Maji hutembea ndani ya mlima polepole, wiki na miezi, na kutokea chini kama chemchemi wakati wa kiangazi, ambapo theluji imekwisha na mboga zina kiu. Mlima wenyewe ndio ghala. Kwetu falaj inayatoa maji yaliyo ardhini. Wao wanayaingiza kwanza.

Vijana walipohamia mijini, mifereji mingi iliachwa ikaziba. Tangu 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada wamekuwa wakipanda milimani pamoja na wanakijiji na wanaojitolea, wanaizibua kwa majembe, wakianza na mfereji wa Barjas kule Cáñar. Kama nchi za mabonde makavu, yetu ikiwamo, zinatafuta mahala pa kujifunza, ningependa mainjinia wetu waje wakae na wasimamizi wa mifereji hii msimu mzima.

Chakula kinahitaji maneno, maana hii ni nchi ya nguruwe. Trevélez, bonde la jirani, inasifika Hispania nzima kwa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa kwa baridi ya mlimani, na sahani ya eneo hili, plato alpujarreño, ina nguruwe wa namna mbili tatu juu ya viazi na yai. Katika mkahawa mmoja wa bondeni nilisema wazi kwamba hatuli nguruwe, nikaletewa maharage yenye vipande vya nyama hiyo. Mhudumu alisema kwake hiyo si nyama, ni ya kukolezea tu. Basi semeni "sin cerdo", yaani bila nguruwe, na mwulize pia kilichokolezwa ndani. Mnaweza kula viazi vya "papas a lo pobre" peke yake, vilivyopikwa kwa mafuta ya zeituni na pilipili hoho, na ni vitamu sana. Jibini la mbuzi, samaki wa mtoni, asali, lozi. Kwenye peremende, mantecado ina mafuta ya nguruwe, iacheni. Soplillo ni ute wa yai, sukari na lozi, mama alikula mpaka nikamficha kopo. Anayetaka kukaa siku nyingi akodi nyumba yenye jiko, anunue mboga. Chini Órgiva ipo jamii ya Waislamu, wengi wao wafuasi wa tarika ya Naqshbandi, na Granada kwenyewe msikiti mkuu wa Albaicín umefunguliwa tangu 2003. Bubión hakuna msikiti.

Kuhusu kununua: jarapa, yaani zulia linalofumwa kwa vitambaa chakavu vilivyochanwa utepe, ndicho kitu cha kwao hasa. Nyingi zinazoning'inia nje ya maduka zimetoka kiwandani. Ya mkono utaijua kwa uzito wake na kwa kuwa rangi hazijirudii sawasawa, na bei yake itakushtua kidogo. Nilinunua ndogo, ya kuwekwa chini ya kitanda cha mama, na baada ya kufuliwa mara nyingi haijalegea.

Ushauri wa mwisho kwa anayepanga kwenda. Thibitisha saa za makumbusho kabla ya kupanda, kwani hayafunguliwi siku nzima kama ya mjini. Agosti kuna joto na magari. Ningechagua Oktoba, majani ya chesnati yakigeuka manjano na njugu zake zikiuzwa njiani. Mwenye magoti mabovu anaweza kuifika nyumba na kanisa la Bubión polepole kwa fimbo. Njia ya kwenda mtoni asiijaribu. Na basi la kurudi Granada mliulize saa yake mkiwa mnateremka, hapo hapo mlangoni, maana ni machache, na teksi kijijini ni ya kuitwa kwa simu.